Maumbo Tuyaonayo Kila Siku na Jinsi ya Kuyatia Katika Postikadi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mtu akiulizwa kuna nini cha kupiga picha katika shule yetu, mara nyingi atajibu kwamba hapana kitu. Atasema milima iko mbali, bahari iko mbali, na wanyama wa mbugani hawapiti hapa. Mimi nami nilikuwa na mawazo hayo hayo mpaka muhula uliopita, Chama cha Picha kilipopewa kazi ya kutengeneza postikadi nane za kuuzwa Siku ya Wazazi. Mwalimu wetu alitupa sharti moja tu: tusipige picha ya mtu wala ya jengo zima, bali tupige picha za maumbo tunayoyaona kila siku. Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji jinsi kazi hiyo ifanywavyo. Nafanya hivyo kwa sababu kila shule yaweza kuifanya, na pia kwa sababu katika kuifanya nilikosa jambo moja ambalo sipendi mwingine alikose.

Habari za Postikadi

Kwanza yafaa tujue postikadi ilianzaje. Posta ya Austria na Hungaria ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutoa kadi ya namna hii, tarehe 1 Oktoba, 1869. Mtu aliyelipigania shauri hilo alikuwa Emanuel Herrmann, mwalimu wa elimu ya uchumi. Yeye aliona kwamba watu hupoteza karatasi, bahasha na wakati kwa ajili ya habari ambazo zingeweza kuandikwa kwa mistari michache. Uingereza ilifuata mwaka 1870.

Kadi hizo za kwanza hazikuwa na picha. Upande mmoja ulikuwa wa anwani peke yake, na upande wa pili ulikuwa wa maneno. Picha zilipoanza kutiwa, zikawa zinagombea nafasi na maneno, hata watu wakalazimika kuandika pembezoni mwa picha. Mwaka 1902 Uingereza iliruhusu upande wa anwani ugawanywe sehemu mbili, kushoto maneno na kulia anwani, na baadaye nchi nyingine nazo zikafanya vivyo hivyo. Tangu hapo picha ilipata upande wake mzima.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki kadi hizo si ngeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapiga picha wa Unguja, kama A. C. Gomes na wenzake, waliuza postikadi za mji na watu wake, na wageni waliopita bandarini wakazipeleka makwao. Kadi za namna hiyo huonyesha yale ambayo mgeni hupenda kuyatazama. Mwalimu alitaka sisi tuonyeshe yale ambayo mwenyeji huyaona kila siku, mpaka akawa hayaoni tena.

Kuchagua Maumbo

Kwa wiki nzima tulizunguka shuleni na daftari kabla ya kushika kamera. Kila mmoja wetu aliandika maumbo aliyoyaona na mahali alipoyaona. Orodha ilikuwa ndefu, na nusu yake ilikuwa madirisha. Ndipo tulipogundua kwamba kuona umbo tu hakutoshi. Sharti pawe na sababu ya kulichagua hili na kuliacha lile.

Baada ya kushauriana tuliweka kanuni hii: kila umbo tutakalolichagua liwe na kazi, na tuweze kuieleza kazi hiyo kwa sentensi moja nyuma ya kadi. Kwa kanuni hiyo orodha ikapungua yenyewe, tukabaki na maumbo manane.

La kwanza ni tangi la maji. Tangi ni la duara kwa sababu maji husukuma ukuta wake sawasawa pande zote, wala hapana kona ya kubeba mzigo kuliko nyingine. La pili ni pembetatu ya kenchi ya paa la bwalo. Ukitaka kujua nguvu ya pembetatu, chukua vijiti vitatu uvifunge kwa msumari mmoja katika kila pembe, kisha ujaribu kuvisukuma upande. Havitakwenda. Fanya hivyo kwa vijiti vinne, utaona mraba wako unalala mara moja.

La tatu ni ukuta wa matofali, ambao mafundi huupanga ili ungio la tofali la juu lisilingane na ungio la tofali la chini. La nne ni mawimbi ya bati. Karatasi iliyo bapa hujikunja kwa uzito wake yenyewe, lakini ukiikunja mikunjo mikunjo husimama imara, na bati ni hivyo hivyo. La tano ni pangaboi la maktaba, lenye mapanga matatu yaliyoachana kwa nyuzi 120, nalo panga moja likipinda pangaboi zima hutikisika. La sita ni mkeka, ambao ni ukili mrefu uliosukwa kwa mshazari kisha ukashonwa ukingo kwa ukingo. La saba ni tairi kuukuu lililozikwa nusu kuzunguka bustani ya maua. La nane ni ungo wa jikoni, ambao ni wa duara ili mpepetaji aushike popote na kuuzungusha apendavyo.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nadhani nililielewa neno hilo vizuri zaidi katika wiki ile ya kutembea na daftari kuliko miaka yote niliyolisikia.

Kupiga Picha

Seti ya kadi ni kama familia. Kila mtoto ana sura yake, lakini mtu akiwaona pamoja hujua kwamba ni wa nyumba moja. Mfano mzuri ni wa mume na mke wa Ujerumani, Bernd na Hilla Becher, ambao tangu mwaka 1959 walipiga picha za matangi marefu ya maji, tanuri na mitambo ya migodini. Walisimama mbele ya kila kitu kwa namna ile ile, wakangoja mbingu ya mawingu ili vivuli vikali visiwepo, na picha zao zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kisha walizipanga safu kwa safu. Mtu akizitazama safu hizo huacha kushangaa tangi moja, akaanza kuona jinsi matangi yanavyofanana na yanavyotofautiana.

Sisi hatukuwa na akili hiyo mwanzoni. Mmoja alipiga saa sita mchana, mwingine jioni, mmoja akasimama karibu, mwingine mbali. Tulipoziweka picha mezani zilionekana kama za watu wanane wasiojuana. Basi tulianza upya, na mambo tuliyojifunza ni haya.

Kwanza, simama mkabala na umbo. Duara likipigwa picha kutoka upande huwa duaradufu, na mstatili ukipigwa kutoka chini hubana juu kama ndoo iliyofunikwa. Makosa madogo ya namna hii yaweza kurekebishwa baadaye, lakini makubwa huharibu picha.

Pili, chagua saa. Kitu chenye mikunjo, kama bati na mkeka, hutaka jua la asubuhi linalokuja kwa ubavu, kwa maana kila mkunjo hupata kivuli chake na umbo likaonekana. Jua la utosini hufuta vivuli hivyo, na bati huonekana kama ubao mtupu. Kitu kilicho kikubwa na laini, kama tangi, chapendeza zaidi siku ya mawingu.

Tatu, umbo lijaze picha, lakini uache nafasi kidogo pande zote, maana baadaye utakata. Asiyeacha nafasi hana cha kukata ila umbo lenyewe.

Kurekebisha Picha

Picha zikiwa tayari huingizwa katika kompyuta. Sisi tulitumia programu iitwayo GIMP, ambayo hutolewa bure, nayo yatosha kabisa kwa kazi hii. Kabla ya kugusa kitu, fanya nakala ya kila picha na uiweke ile ya asili mahali pake bila kuigusa. Baadaye nitaeleza kwa nini agizo hili ni kubwa kuliko yote.

Kazi yenyewe hufuata utaratibu huu. Nyoosha picha kwanza, ili mstari uliosimama usimame na uliolala ulale. Kisha kata pembeni mpaka umbo likae mahali pake, na katika kadi zote likae kwa ukubwa unaokaribiana. Halafu ondoa rangi. Tulifanya hivyo kwa sababu ndoo moja nyekundu nyuma ya ungo huvuta jicho, na mtazamaji akaisahau duara. Mwisho ongeza weusi na weupe kwa kiasi, umbo litokeze. Ukizidisha, vivuli vyote huwa lami na sehemu za mwanga huwa karatasi tupu, na mkeka hupoteza nyuzi zake.

Sasa nafika penye kosa langu. Ungo wa jikoni ulikuwa sehemu yangu. Picha ilitoka vizuri, lakini upande mmoja wa ungo ulikuwa na kiraka. Mahali palipotoboka pamezibwa kwa kipande cha kiroba na kushonwa kwa uzi mnene. Nilikiona kiraka kile kama doa katika duara safi. Katika programu kipo chombo cha kunakili sehemu moja ya picha na kuibandika juu ya nyingine, basi nilichukua msuko mzuri wa upande wa kushoto nikafunika nao kiraka. Kazi hiyo ilinichukua muda wa saa mbili, nami nilijivuna. Wenzangu waliponitazama kazi hawakuweza kutambua mahali kiraka kilipokuwa.

Jioni nilimpelekea mama mpishi picha ile, nikidhani atafurahi. Nilimwamkia, akaniitikia, akafuta mikono yake akaitazama kwa muda.

"Ungo mzuri," alisema. "Wa nani?"

"Ni wako, mama," nilimjibu.

"Huu si wangu, mwanangu. Wangu una kiraka. Nilikishona mwenyewe mwaka ule mchele ulipokuwa ukimwagika."

Hakukasirika. Alinirudishia picha akaendelea na kazi yake. Lakini mimi niliona haya, kwa sababu nyuma ya kadi ile nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba ni ungo wa jikoni kwetu, na maneno hayo hayakuwa kweli tena. Nilikuwa nimeondoa sehemu pekee ya ungo ule ambayo mtu wa shule hii aliifanya kwa mikono yake.

Usiku ule tulijadiliana chamani. Mmoja alisema kwamba kama kufuta ni uongo, basi tusifute chochote. Mwingine alimjibu kwamba hata kukata pembeni ni kufuta, na kuondoa rangi ni kufuta, kwa hiyo hatuna picha isiyoguswa. Wote wawili walikuwa na haki. Katika picha ya ukuta wa matofali, kwa mfano, palikuwa na mfuko wa plastiki ulioletwa na upepo, na katika picha ya bati palikuwa na kivuli cha kichwa changu. Hakuna aliyetaka kuuza kadi yenye kivuli cha kichwa changu.

Mwishowe tulikubaliana kanuni ambayo nadhani yaweza kumsaidia yeyote afanyaye kazi hii. Tujiulize: je, nikirudi hapa kesho nitakikuta? Kivuli, mfuko, kunguru, tone la mvua, vyote hivi vitakuwa vimekwenda, basi vyaweza kuondolewa. Kiraka cha ungo, kutu ya tangi, tofali lililomeguka, vyote hivi vitakuwapo, na ni mali ya kitu chenyewe. Hivyo viachwe. Kwa kuwa nilikuwa nimeweka picha ya asili, niliirudia, na safari hii nilipoongeza weusi na weupe niliangalia kiraka kionekane vizuri.

Kupiga Chapa

Ukubwa wa kawaida wa postikadi ni milimita 105 kwa 148, yaani robo ya karatasi ya A4. Posta za nchi mbalimbali hupokea kadi isiyopungua milimita 90 kwa 140 wala kuzidi milimita 120 kwa 235, kwa mapatano ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa huko Bern mwaka 1874. Nusu ya kulia ya upande wa anwani ni ya posta: hapo hukaa stempu, jina na anwani ya mpelekewa. Nusu ya kushoto ni ya maneno. Usichapishe kitu upande wa kulia ila mistari ya anwani. Kwetu, ambako barua nyingi hupitia sanduku la posta, mstari mmoja tuliuanza kwa herufi S.L.P.

Picha ya kompyuta imejengwa kwa vidoa vidogo viitwavyo pikseli. Ili kadi itoke safi yatakiwa pikseli 300 hivi katika kila inchi. Kwa kadi ya milimita 105 kwa 148 hiyo ni pikseli 1,240 kwa 1,748. Kamera yenye picha za pikseli 4,000 kwa 3,000 yaweza kukatwa hata nusu ya urefu na nusu ya upana, na bado zikabaki za kutosha. Zikipungua chini ya hapo, duara huanza kuonyesha ngazi ngazi ukingoni.

Jambo jingine ni ukataji. Mashine ya kukatia karatasi yaweza kukosea kwa milimita moja au zaidi. Kama picha inafika mpaka ukingoni, desturi ya wapiga chapa ni kuizidisha milimita 3 kila upande, ili kisu kikipotoka kisiache mstari mweupe. Lakini hapo hesabu hubadilika: kadi ya milimita 105 kwa 148 huwa 111 kwa 154, na kadi nne za namna hiyo hazienei tena katika karatasi moja ya A4. Sisi hatukulijua hilo, na kadi zetu za kwanza za majaribio zilirudi zimekatwa vibaya, nyingine zikiwa zimepoteza ukingo wa tangi. Tulipofanya hesabu upya tuliamua kuacha ukingo mweupe wa milimita 8 kuizunguka kila picha. Kwa njia hiyo kadi nne zaenea katika karatasi moja, zote nane katika karatasi mbili, na kisu kikikosea kidogo hapana anayeona.

Karatasi yenyewe iwe nene, ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, na upande wa nyuma usiwe wa kung'aa, la sivyo wino wa kalamu hautashika. Tena kumbuka kwamba picha katika kioo cha kompyuta huangazwa kwa taa, na picha ya karatasi haina taa yake. Kwa hiyo chapa hutoka nyeusi kuliko ulivyotazamia. Chapisha moja kwanza, uitazame dirishani, ndipo uchapishe nyingine.

Siku ya Wazazi

Kadi zilikuwa mezani Siku ya Wazazi, zimepangwa safu mbili. Wazazi wengi huijua shule kwa mambo mawili tu, ripoti ya muhula na orodha ya michango. Siku ile walisimama wakigeuza kadi, wakitazama umbo kisha wakisoma kazi yake nyuma. Baba mmoja, ambaye alisema yeye ni fundi seremala, alimweleza mwanawe habari za kenchi vizuri kuliko sisi tulivyoandika. Sisi tulio bweni hatuna simu za mkononi, basi wengi tulinunua kadi tukawapelekea nyumbani wale ambao hawakuweza kuja. Mimi niliichagua ya ungo nikampelekea bibi yangu. Yeye hasomi, lakini najua atajua ni nini, na atajua kwamba umeshonwa.

Mama mpishi alikuja mwishoni, meza ikiwa karibu tupu. Aliichukua kadi ya ungo, akaweka kidole juu ya kiraka, akauliza zimebaki ngapi. Zilikuwa zimebaki tatu. Alizinunua zote.

Chama cha Picha hukutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha kompyuta. Kwa muhula ujao tumekusudia kutengeneza kadi nyingine nane, na maumbo bado hayajachaguliwa. Kila mwenye macho na daftari anakaribishwa.